Nina miaka 27 na kithembe, na Machi nitasoma ripoti mbele ya wanachama. Nifanyeje?

SWALI: Naishi Zimmerman, na ni afisa wa mikopo katika Sacco moja hapa Nairobi. Tangu utotoni "s" yangu hutoka kama "th" na "z" kama "dh". Nyumbani tuliongea Kikuyu na hakuna aliyeona kasoro yoyote hadi nilipoingia nasari, watoto wakaanza kuniita "Thatha". Siku hizi nasalimia watu kwa "niaje" ili nisiseme "sasa". Mteja akiuliza deni lake ni ngapi, namwandikia kwenye karatasi. Jioni nyingine hupitiliza stendi yangu hadi Githurai, nikarudi kwa miguu, kwa sababu kumwambia makanga "Zimmerman" kunanikausha koo. Sasa meneja ameniambia nitasoma ripoti ya kamati ya mikopo katika mkutano mkuu wa mwaka, Machi. Shangazi anasema ulimi wangu umefungwa, nikatwe ile kamba ya chini. Mwenzangu ofisini ananiambia niume kalamu nikisoma kwa sauti. Je, nimechelewa? Na hata sauti ikinyooka, huu woga nitaupeleka wapi?

JIBU: Hujachelewa, dada. Kithembe cha aina unayoieleza hurekebishika hata ukubwani, na mtu mzima ana faida ambayo mtoto hana: anajua anachokitafuta, na anafanya mazoezi kwa hiari yake. Lakini barua yako ina mpangilio ambao ningependa tuupindue tangu mwanzo. Umeandika kana kwamba sauti itanyooka kwanza, halafu ujasiri ufuate. Katika kazi hii ya tiba ya usemi nimewaona wengi wakisubiri ulimi upone ndipo waseme, na kusubiri huko kukala miaka yao. Kinachokugharimu zaidi sasa hivi ni ile safari ya kurudi kutoka Githurai kwa miguu usiku. "S" yenyewe haijawahi kukutembeza. Kwa hiyo kazi zako ni mbili, ulimi na kujificha, na zote mbili zinaanza wiki moja.

Nianze na nyumbani kwenu, kwa sababu nadhani umebeba aibu ambayo haikuwa na sababu. Alfabeti ya Kikuyu haina "s" wala "z". Maneno yaliyoingia kutoka Kiswahili yalibadilishwa yaingie kinywani: saa ikawa "thaa", simu ikawa "thimũ", sabuni ikawa "thabuni". Mtoto aliyelelewa katika lugha hiyo angeweza kuongea siku nzima bila mtu kusikia kithembe chake, kwa maana lugha haikuidai ile sauti. Ulipofika nasari ukakutana na lugha mbili kwa mpigo, Kiswahili na Kiingereza, ambazo zimejaa "s" kila mahali. Mama yako hakuzembea. Hapakuwa na cha kusikia.

Hapa pia nitenganishe mambo mawili ambayo Nairobi huyachanganya sana. Mjaluo anayesema "samba" badala ya "shamba", au Mkikuyu anayebadilishana "r" na "l", hana tatizo la usemi. Hiyo ni lafudhi, alama ya lugha ya kwanza, na kinywa chake kinafanya kazi sawasawa. Wenzako wengi waliokulia katika Kikuyu walijifunza "s" shuleni bila shida. Kwako ulimi ulibaki mahali ulipozoea, mbele mno, ncha ikichungulia kati ya meno. Hicho ndicho kithembe, na hakihusiani na akili, elimu wala bidii.

Sasa, "s" ni nini hasa? Kingo za ulimi hupanda zikagusa magego ya juu, kushoto na kulia, zikaziba njia za pembeni. Katikati ya ulimi hubaki mfereji mwembamba. Hewa hubanwa humo, ikatoka kwa kasi na kugonga makali ya meno ya mbele, ndiyo maana inapiga mluzi, kama maji ya mpira unapobana mdomo wake kwa kidole. Ncha ya ulimi ikijitokeza kati ya meno, ule mfereji unafunguka na kuwa uwazi mpana, kasi inapotea, na unasikia "th". Sauti "z" ni hiyo hiyo, tofauti yake ni kwamba koo linatetemeka. Ukipata moja, ya pili huja karibu bure.

Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi ni kwamba kuna njia mbili sahihi za kutamka "s". Wengine huinua ncha ya ulimi karibu na ufizi ulio nyuma ya meno ya juu. Wengine huishusha ncha, ikakaa nyuma ya meno ya chini, na sehemu ya mbele ya ulimi ndiyo inayopanda kutengeneza mfereji. Msikilizaji hawezi kuzitofautisha. Nasema haya kwa sababu mtu mwenye kithembe huwa ameambiwa mara elfu "weka ulimi nyuma ya meno ya juu", akajaribu, akashindwa, akaamini ulimi wake ni mbovu. Kwa ulimi uliozoea kutoka nje kama wako, mara nyingi ile njia ya chini ndiyo rahisi, kwa kuwa ncha inapata mahali pa kutulia. Jaribu zote mbili kabla ya kuchagua.

Kabla ya mazoezi yoyote, fanya kipimo kimoja. Chukua mrija wa soda, uuweke mbele ya meno yako ya mbele, katikati kabisa, kisha toa "s" ndefu kama unavyoitoa kila siku. Sikiliza hewa ikiingia kwenye mrija. Halafu sogeza mrija polepole hadi kona ya mdomo, upande mmoja na kisha wa pili, ukiendelea kutoa sauti. Ikiwa hewa inapita katikati tu, endelea kusoma, haya yanakuhusu. Ikiwa inavuma pembeni, kithembe chako ni cha aina nyingine. Hicho husikika chenye majimaji, na kwa kawaida huharibu pia "sh", "ch" na "j". Mazoezi ya kujifunza peke yako hayakitoshi. Mwenye kithembe hicho anahitaji kuketi na mtaalamu wa tiba ya usemi amwonyeshe jinsi ya kuziba njia za pembeni. Kwa maelezo yako nategemea mrija utasema katikati, lakini pima.

Kipimo cha pili ni masikio, na hiki ningekuomba usikiruke. Nguvu ya sauti "s" iko katika sauti nyembamba za juu, kati ya takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 4,000 na 8,000, na huko juu ndiko usikivu huharibika kwanza kwa watu wengi, iwe kwa kelele, kwa homa ya uti wa mgongo ya utotoni au kwa baadhi ya dawa. Mtu anaweza kusikia mazungumzo vizuri kabisa na bado asiisikie "s" kama wengine wanavyoisikia. Ulimi hauwezi kulenga sauti ambayo sikio halijaipata. Kipimo ni kifupi na hakiumi.

Kuhusu shangazi, mheshimu, lakini usikatwe. Inua ulimi mpaka ncha iguse ufizi wa juu, kisha sema "ta, da, na, la". Ukiweza, basi hiyo kamba ya chini haikuzuii "s", kwa sababu "s" haihitaji ulimi kunyanyuka kupita hapo. Na ile njia ya pili niliyoieleza haihitaji kunyanyua ncha hata kidogo. Kukata kunaacha kovu, na kovu linaweza kukaza ulimi kuliko ulivyokuwa. Wapo wachache ambao kamba hiyo inawabana kweli, na hao huamuliwa na daktari baada ya kupimwa, hawaamuliwi sebuleni. Mwanya nao, kama unao, uache. Ni pambo, na haukusababishia kithembe. Kinachostahili kuonwa na daktari wa meno ni kama ukiuma meno ya nyuma yakakutana, yale ya mbele yanaacha dirisha wazi. Hapo ulimi hupata mlango wa kutokea, na ni vyema ujue mapema.

Kalamu irudishe mezani. Kuuma kalamu kunafundisha taya kukaza na ulimi kukwepa kalamu, na hakuna neno la Kiswahili linalotamkwa hivyo. Hali ni hiyo hiyo kwa mazoezi ya kuzungusha ulimi, kupuliza mishumaa na kunyanyua vijiko kwa ncha: hatuna ushahidi mzuri kwamba yanarekebisha matamshi. Ulimi hujifunza "s" kwa kutamka "s".

Tuingie kazini. Mpangilio tunaoutumia hadi leo unatokana kwa sehemu kubwa na Charles Van Riper, Mmarekani aliyeanza kuutetea miaka ya 1930, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi. Sikio kwanza, kisha sauti peke yake, kisha silabi, neno, sentensi, na mwisho mazungumzo. Watu hushindwa kwa kuruka kutoka sauti hadi mazungumzo siku ya tatu.

Sikio. Mwambie mtu wa nyumbani akusomee jozi kama "samani" na "thamani", "zana" na "dhana", akiwa amekupa mgongo, nawe useme ni ipi. Utazitambua zote, nina hakika. Kisha jirekodi ukizisema wewe, usikilize kesho yake. Wengi husikia kithembe cha jirani mara moja na hawakisikii chao mpaka siku ipite. Tumia kinasa sauti cha simu. Usitumie sauti ya kupiga simu, kwa maana laini ya kawaida ya simu hukata kila kitu kilicho juu ya takriban hezi 3,400, na "s" yako inabaki nje. (Ndiyo sababu pia wateja wanaokupigia huenda hawajawahi kugundua lolote. Anza kupokea simu zote za ofisi kuanzia kesho.)

Sauti. Sema "t" mara nyingi mfululizo, kwa pumzi: t, t, t, t. Ya mwisho usiikate, iache ivuje: tsssss. Meno yawe karibu kukutana, midomo imetanuka kidogo kama mtu anayetaka kutabasamu, na tazama kwenye kioo: ukiona pinki kati ya meno, ulimi umetoka. Kama "t" yako ni ya menoni, ncha ikigusa meno kama Wamvita, Waswahili wa Mombasa, wengi wao wanavyoitamka katika baadhi ya maneno, irudishe nyuma kidogo hadi kwenye ufizi kwanza. Ikigoma kabisa, jaribu mlango mwingine: sema "shhh" ndefu, kisha ukiendelea kupuliza tanua midomo na usogeze ulimi mbele kidogo kidogo hadi mluzi upande. Siku utakayoupata ule mluzi, usikimbilie maneno. Urudie, uuache, uurudie tena baada ya saa moja, mpaka uweze kuuita wakati wowote bila kupitia "t".

Silabi. Hapa Kiswahili kinakusaidia, maana "s" yetu karibu kila mara inafuatwa na irabu. Anza na "si", kwa kuwa "i" tayari inatanua midomo na kuinua ulimi. Si, isi, fisi, siri, siku, basi. Kisha "se", "su", na "sa" na "so" mwisho, kwani taya likishuka sana ulimi hutaka kutoroka nje. Maneno kama "stima" na "stendi" ni rafiki zako pia, ile "t" inauvuta ulimi nyumbani. Ukipata nane sahihi kati ya kumi, panda ngazi. Chini ya hapo, shuka ngazi moja bila kujilaumu. Dakika tano, mara nne kwa siku, zitakufikisha mbali kuliko saa moja ya Jumamosi.

Baadaye hesabu. Sita, saba, tisa, sitini, sabini, tisini. Afisa wa mikopo hawezi kuzikimbia, na wewe umezikimbia kwa karatasi. Zisome kwa sauti kila asubuhi ukiwa na shilingi mbele yake: "shilingi elfu sita mia saba na sabini". Ikiwa "shilingi" inatoka safi na "sita" inateleza, ni kawaida. "Sh" hutamkwa nyuma zaidi.

Kuna mtego mmoja mbele yako na ninataka uujue kabla hujaufikia. Mtu akishaipata "s", ulimi huanza kuitumia hata pasipostahili. Utasikia "samani ya hisa" badala ya "thamani ya hisa", na "feza" badala ya "fedha". Ripoti ya kamati ya mikopo imejaa maneno hayo! Wewe "th" na "dh" unazo safi tangu kuzaliwa, "thelathini" na "themanini" zako huenda ni bora kuliko za meneja wako. Zilinde. Kuanzia ngazi ya neno, fanya mazoezi ya zote mbili katika pumzi moja: thamani ya hisa, fedha za wanachama, dhamana ya mkopo wa sita. Ukiyaweza hayo polepole, umeshinda sehemu ngumu zaidi ya ripoti.

Sasa kujificha. Chukua daftari na uandike kila mbinu unayotumia kukwepa: niaje, karatasi ya mteja, Githurai, na zile ambazo hukuniandikia. Zipange kuanzia inayokutisha kidogo hadi ile ya kutisha kabisa. Kila wiki acha moja, ya chini kwanza. Huenda ukaanza na "sasa?" kwa mlinzi wa langoni, ambaye atakujibu "poa" na kuendelea na kazi yake. Sikiliza vizuri: nakuomba useme "sasa" hata ikitoka "thatha". Wiki za mwanzo ulimi wako bado utakuwa na kithembe, na ndivyo nitakavyo. Ukingoja mpaka neno liwe kamili ndipo ulitumie, kila neno litakuja na mtihani wake, na woga ni mzazi wa kithembe kinachorudi. Kwa hofu ulimi hukaza, taya hujifunga, pumzi hukatika.

Makanga mwache awe wiki ya tatu au ya nne. Panda gari, keti karibu na mlango, na mkipita Roysambu sema kwa sauti ya kawaida, "Zimmerman, shukisha." Mara moja, bila kurudia na bila kuomba radhi. Akikuuliza "wapi?", kumbuka muziki ule unaopigwa humo ndani: makanga humwuliza hivyo kila abiria.

Kwa wanaokucheka ofisini kuna maneno machache yanayotosha: "Ndiyo, nina kithembe, nakifanyia kazi. Tuendelee." Yaseme ukimtazama usoni, halafu urudi kwenye jambo mlilokuwa mkizungumzia. Mzaha hula kwenye siri, na wewe utakuwa huna siri tena. Akirudia baada ya hapo, hilo si suala la usemi, ni la meneja, na una haki ya kulipeleka kwake.

Kuhusu Machi. Kusoma kwa sauti ni rahisi kuliko mazungumzo, kwa sababu maneno unayajua kabla hayajafika kinywani. Ukianza sasa, inawezekana kabisa ripoti ikatoka safi huku maongezi yako ya haraka na marafiki bado yakiteleza. Hilo lisikuvunje moyo, ndivyo mambo yanavyokwenda. Mazungumzo huwa ya mwisho kufika. Omba rasimu ya ripoti mapema, ichapishwe kwa herufi kubwa, uweke mkwaju (/) mahali pa kupumua, na upige mstari chini ya maneno yenye "s" na "th" pamoja tu. Ukipiga mstari chini ya kila "s" karatasi itakuwa nyekundu yote na macho yatakutisha. Soma ripoti nzima mbele ya mtu mmoja, halafu watatu, halafu mbele ya kamati yenyewe kabla ya siku. Siku ile kipaza sauti kiweke chini kidogo ya kidevu na pembeni, kisiwe mbele ya mdomo, kwa sababu hewa ya "s" ikikipiga moja kwa moja huvuma hata kwa mtangazaji wa redio. Na wanachama wamekuja na maswali mawili vichwani mwao: gawio mwaka huu ni asilimia ngapi, na mikopo iliyochelewa imefikia wapi. Wape tarakimu hizo polepole na kwa uwazi, watakusikiliza.

Wapo watakaokuambia kithembe ni sehemu yako, usikiguse. Ni uamuzi halali, na kama ungeniandikia kwamba hakikusumbui ningekuambia ukiache. Wewe umeniandikia kwamba unatembea usiku kwa ajili yake.

Ukiweza kupata mtaalamu, mwone. Nchini ni wachache na wengi wao wako Nairobi, kwa hiyo uko mahali pazuri. Anza na kliniki ya masikio, pua na koo katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, upimwe usikivu na uulize kuhusu tiba ya usemi. Ziko pia kliniki za kibinafsi mjini. Uliza ada na muda wa kila kikao kabla ya kuanza, na uliza kama amewahi kuwatibu watu wazima wenye kithembe, kwani wengi wao siku zao hujaa watoto. Hata vikao vichache, vya kuipata ile "s" ya kwanza na kuhakikisha huirudii vibaya nyumbani, ni fedha iliyotumika vizuri. Usipompata upesi, endelea na ngazi nilizokupa, ila kama wiki sita zikipita bila ule mluzi hata mara moja, simamisha mazoezi ya maneno mpaka mtu akutazame kinywani.

Mkutano ukiisha, jioni hiyo hiyo, kabla hujasahau, andika maneno matatu yaliyoteleza. Usiandike zaidi ya matatu. Ndiyo mazoezi yako ya Aprili.